Kamera Mbili, na Bibi Aliye Ng'ambo ya Bonde

Kibondo, Jumanne, mwezi wa tisa unaishia. Asubuhi ukungu bondeni, kisha jua kali. Upepo kutoka upande wa Burundi. Kabla ya mchana mawingu ya mvua yalijikusanya juu ya soko, yakatuangalia, yakaondoka.

Mwanangu Devota,

Nimeanza hivi kwa mazoea. Unajua shajara yangu huanza na hali ya hewa hata siku ya msiba, na baba yako husema siku nitakayokufa nitaandika kwanza kama kulikuwa na mawingu. Leo shajara nimeiacha ndani ya droo, nimechukua karatasi, kwa sababu ninayotaka kusema ni yako. Umeshalala. Begi lako umeliegemeza mlangoni kama mtu anayesubiri kuitwa. Barua hii nitaiweka mfuko wa nje, juu ya maandazi. Nakuomba uifungue basi likishatoka stendi ya Kibondo, na uimalize kabla hamjafika Busunzu. Sababu utaiona mwishoni.

Mambo ya chandarua, sabuni, dawa na simu ya kila Jumapili nayaruka. Wiki nzima nimeyasema mpaka umeanza kuyamalizia kabla sijafungua mdomo.

Nataka tuongee habari ya kamera.

Kesho basi litakapofika Kasulu utashuka, utaingia dukani kwa Mzee Shabani, na juu ya kile kioo cha kaunta yake kilichopasuka kona utazikuta zote mbili. Ya kwanza ni ile ndogo ya kuvuta, lenzi yake haivuliwi, inajirefusha yenyewe kama konokono anayetoa kichwa. Ya pili ni ile kubwa nyeusi, ya daraja la kuanzia, lenzi yake fupi inavuliwa na kuvalishwa nyingine. Utatoka na moja. Hela inatosha moja, na kamera yangu ya studio siwezi kukupa, unajua ni nani wanaokula kwa picha zake za pasipoti. Halafu utaendelea na safari hadi Kigoma, na kutoka Kigoma kwa boti mpaka kwenye msitu wa sokwe, ambako wamekupa miezi mitatu ya majaribio. Wamesema kila mtu aje na kamera yake. Picha utakazopiga za sura za sokwe zikifaa, unabaki. Zisipofaa, unarudi kwangu kukata picha za pasipoti kwa mkasi, na mimi nitafurahi kukuona na nitaumia pia.

Kwa hiyo siyo jambo dogo. Ndiyo maana ulipokuwa ukipiga pasi jana nilikuuliza umeamua ipi, ukanijibu bila kuinua macho:

"Mama, kubwa. Ile nyingine ni ya watalii. Nikitokea nayo pale watanicheka."

"Watakucheka nani?"

"Wote. Hata sokwe."

Nilicheka na mimi. Lakini usiku huu jibu lako limekataa kuniacha nilale, maana mimi niliwahi kuzimiliki zote mbili, ile ndogo kwanza na hii kubwa baadaye, na mara zote mbili nilichagua vibaya ingawa kamera zenyewe zilikuwa nzuri.

Ulikuwa darasa la kwanza nilipoinunua ile ndogo. Mzee Shabani alikuwa bado ana ndevu nyeusi na Kiswahili chake cha Tanga kilikuwa bado kinatuchekesha sisi tunaokisema kama tunapanda mlima. Nilisimama kwenye kioo kile kile. Alizipanga mbili kama atakavyozipanga kesho, akaniambia:

"Mama, sikiliza nikwambie. Hii ndogo inaona mbali. Hii kubwa inaona gizani. Sasa wewe unataka kumwona nani, na saa ngapi?"

Nilidhani anafanya biashara. Sikumjibu. Nilitoka nayo mlangoni, nikaielekeza kwenye mnara wa simu, nikavuta. Mnara ulikuja, ukaja, mpaka nikaona kunguru aliyekaa kwenye chuma na jicho lake likizunguka. Devota, niliishusha kamera, nikautazama mnara kwa macho matupu, nikaipandisha tena. Nilikuwa nimesoma fizikia mpaka kidato cha nne hapo hapo Kasulu, nilichora miale ya mwanga ikipita kwenye lenzi, nikapata alama nzuri, lakini hakuna aliyeniambia kwamba siku moja miale hiyo ingeniletea jicho la kunguru. Nikarudi ndani nikalipa.

Jioni ile tulitoka uani wewe na mimi. Mwezi ulikuwa mpana juu ya paa la jirani. Niliiegemeza kamera kwenye ukuta wa tofali, nikavuta mpaka mwisho, nikakubeba uone kwenye kioo chake. Ulinyamaza. Mtoto wewe ambaye hata usingizini ulikuwa unaongea, ulinyamaza. Kisha ukauliza, "Mama, ng'ombe wa nani wamekanyaga pale?"

Kwa sababu yale mashimo ya mwezini ni kama mahali ng'ombe walipopita matopeni, kweli. Mpaka leo nikiuona mwezi nasikia sauti yako. Siku hizi unasema kamera ile ni ya watalii. Sikulaumu, hukumbuki. Nakukumbusha tu kwamba kitu cha kwanza ulichowahi kukiona ukashindwa kusema, ulikiona kupitia kamera ya aina ile.

Sasa nikusimulie jambo ambalo baba yako amelifanya kichekesho, ukalisikia nusu nusu. Nataka ulisikie lote kwa mkono wangu.

Ilikuwa wiki chache baada ya hapo, wakati wa kuanika maharage. Nilikuwa natoka Kasulu kuchukua karatasi za picha, gari likapata pancha Busunzu. Unapajua, pale barabara inapopita juu ya kilima, na ng'ambo ya bonde, usawa wa macho, unaiona nyumba ya bibi yako, mama yake baba yako. Abiria walishuka, wakakaa kwenye nyasi. Kondakta akasema dakika kumi. Kushuka bondeni na kupanda kule ni mwendo wa kutosha, na gari lingeniacha. Nikajiambia nitamsalimu siku nyingine. Nikatoa kamera, nikavuta.

Unamjua bibi yako alivyo mbele yangu. Mgongo ulionyooka, maneno machache, macho kwenye mikono yangu kuona kama nimeosha sufuria vizuri. Miaka yote ile ya ndoa sikuwahi kuona meno yake. Sasa nikamwona amesimama peke yake uani, maharage yameanikwa kwenye turubai, na jogoo mwekundu anayaiba. Akampungia upawa. Jogoo akakimbia, akarudi. Akampungia tena. Jogoo akarudi. Na bibi yako, mama mkwe wangu ambaye nilikuwa namwogopa kuliko mwalimu mkuu, akaweka upawa kiunoni, akanyanyua mabega, akaanza kumchezea jogoo ngoma. Mguu mmoja hewani. Mdomo wazi mpaka koo. Na sauti haikunifikia hata kidogo, bonde zima lilikuwa kimya, mimi nasikia kondakta tu anagonga tairi.

Nilibonyeza.

Nimepiga picha nyingi maishani, kabla ya siku ile na baada yake. Hiyo ndiyo bora kuliko zote. Na ndiyo niliyoikosea kuliko zote.

Niliisafisha kwa ukubwa wa daftari, nikaiweka kwenye fremu, nikampelekea kama zawadi. Nilipiga magoti mlangoni, nikapiga makofi, nikamwambia "Mwakeye," tukasalimiana kama inavyotakiwa kwetu, watoto, shamba, ng'ombe, majirani, mpaka salamu zikaisha zenyewe. Ndipo nikaitoa. Aliishika kwa mikono miwili. Akaitazama muda mrefu sana. Nilikuwa nasubiri acheke.

"Hapa nilikuwa na nani?" akauliza.

"Ulikuwa peke yako, mama."

"Nami najua nilikuwa peke yangu. Sasa huyu aliyeniona nani?"

"Ni mimi, mama. Nilikuwa kule barabarani. Gari lilipata pancha."

Akaangalia kule barabarani, akaniangalia mimi, akaangalia tena.

"Ulipiga makofi?"

"Hapana, mama. Ni mbali. Usingesikia."

"Sikukuuliza kama ningesikia."

Akanirudishia picha, upande wa sura umegeuziwa sakafu. Akaniambia hiyo siyo yake, ni ya mtu aliyepita bila kusalimu, na niende nayo. Aliniandalia chakula, nikala. Hakunifukuza wala hakusema neno lolote baya. Lakini nilirudi Kibondo na fremu chini ya kitenge, na njia nzima uso ulikuwa unaniwaka.

Baba yako alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. "Mama yangu! Umempiga kutoka ng'ambo kama unawinda swala!" Nikamwambia anyamaze. Aliponyamaza akasema taratibu, "Lakini amenikumbusha. Nilipokuwa mdogo alikuwa anacheza hivi." Akaomba aibebe aiangalie peke yake. Akaenda nayo nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo utaniuliza kosa langu lilikuwa lipi, maana picha ile ilimrudishia mtu mama yake. Nami nakwambia sijui kulisema kwa sentensi moja hata leo. Najua tu kwamba watu wetu hawamwoni mtu kabla hawajamsalimu. Ndivyo tulivyolelewa. Unaweza kukaa na mtu chumba kimoja, kama hamjasalimiana bado hujafika. Na mimi, kwa kitu nilichokinunua Kasulu, nilikuwa nimefika kabla ya kufika. Nilikuwa nimeingia uani kwa mama mkwe bila miguu.

Baada ya hapo niliiogopa ile kamera. Niliiweka rafu ya juu. Vumbi la barabara ya wakati ule, kabla ya lami, liliingia kwenye lenzi yake, siku moja ikatoka nusu ikagoma kurudi, nikaisukuma kwa kidole, ikatoa mlio kama mtu anayesaga meno, ikafa. Nikiwa mkweli, nilipumua.

Ndipo nikanunua kubwa, hii unayoijua. Na safari hii sababu yangu ilikuwa nyingine, nayo mbaya. Nilichoka kuchekwa kwenye harusi. Bwana harusi mmoja aliwahi kuniambia, "Mama, umekuja na simu?" Nikataka kitu kikubwa kifuani kinachogonga kwa sauti, watu wajue mpiga picha amefika. Wateja wa Kibondo walilipia ukubwa na ule mlio, hilo ni kweli, na tumekula kwa huo mlio. Lakini sikuwa nimelijibu bado lile swali la Mzee Shabani.

Kamera yenyewe ndiyo ikanifundisha ilikuwa ya nini. Wakati kambi ya Mtendeli inakaribia kufungwa, watu walikuwa wananiita kuwapiga picha kabla hawajaondoka. Mama mmoja Mrundi aliniita ndani ya nyumba yake ya tofali mbichi. Hakukuwa na dirisha, mwanga ulitoka mlangoni tu. Nikadhani anataka picha ya familia. Akaniambia kwa Kirundi, ambacho sisi tunakielewa kama lugha ya shangazi, "Piga hapa." Akaonyesha mwimo wa mlango. Kulikuwa na mistari ya mkaa, mmoja juu ya mwingine. Alikuwa akimpima mwanawe tangu wafike. Mti ule hakuweza kuubeba.

Ile ndogo ingeleta giza lililonyunyiziwa mchanga. Hii kubwa iliniletea kila mstari, mpaka ule wa chini kabisa uliokuwa umefifia, na alama ya kidole cha mtu aliyeshika mkaa. Na kwa kuwa lenzi yake ni fupi, ilibidi nisogee mpaka bega langu likagusa ukuta, na yule mama alisimama karibu yangu kiasi kwamba pumzi yake ilikuwa shingoni kwangu. Nilipomwonyesha kwenye kioo aliusogelea mwimo. Aliweka kiganja juu ya mstari wa mwisho, kisha juu ya kichwa cha mtoto, kisha juu ya mstari tena. Nilitoka pale nikiwa na hofu ile ile ya jicho la kunguru, ile inayokukuta unapoonyeshwa kitu kikubwa na hujui umepewa kwa nini.

Basi nikawa mtu wa kamera kubwa. Nikawa nasema kwa kila mwanafunzi wangu, na kwako, kwamba picha nzuri ni ya kusogea. Umelishika neno hilo. Kesho utaingia dukani nalo.

Lakini wiki iliyopita yule msimamizi wako wa msituni alipiga simu, ukaweka spika, nami nilikuwa nakata vitunguu. Nilisikia yote. Alisema kila sokwe anajulikana kwa sura. Umbo la sikio, mikunjo ya uso, jicho. Wanajua huyu ni mtoto wa nani na bibi yake alikuwa nani. Ukauliza, "Na mtoto anapozaliwa?" Akasema wanasubiri sura yake itulie kidogo, halafu anapewa jina. Niliacha kisu. Nimepiga sura za watu tangu nilipomaliza shule, nimezikata kwa mkasi, nimezibandika kwenye fomu, na sikuwahi kujua kwamba wakati huo huo, katika mkoa huu huu, kulikuwa na watu wameketi kwenye majani wakizisoma sura za wanyama mpaka wakawajua bibi zao.

Kisha akasema neno lingine, na nadhani wewe ulilisikia kama sheria tu ya kazi. Alisema hamruhusiwi kuwasogelea. Mafua yetu ya kawaida, haya ya kupenga na kusahau, yanaweza kuua familia nzima ya sokwe. Mtavaa barakoa, mtasimama mbali. Wakikukaribia wao, unarudi nyuma.

Devota, nimelifikiria hilo mpaka sasa. Kwetu adabu ni kusogea. Unapiga magoti, unapiga makofi, unauliza habari ya shamba. Unakokwenda, adabu ni kubaki mbali. Mtu anayewapenda ndiye anayerudi nyuma. Kwa umbali huo kamera kubwa na lenzi yake fupi itakuletea sokwe mdogo kama punje ya harage kwenye majani. Lenzi ndefu ya kuivalisha ipo, lakini bei yake hatuiwezi sasa. Ile ndogo itakuletea jicho. Itakuletea pia mchanga kwenye picha, maana msitu una kivuli, na siku za mvua utalia nayo. Sikufichi. Kila moja ina mahali itakapokuangusha.

Nimebaki na jambo moja la kukueleza, na ndilo lililonifanya niandike badala ya kusema.

Baada ya lile la picha nilikaa miezi bila kwenda Busunzu peke yangu. Mwisho nikaenda na baba yako, tukalala. Asubuhi niliamka kuchota maji. Bibi yako alitoka nje mbele yangu, hakujua nimesimama mlangoni. Akafika katikati ya ua, akageukia bonde, akaitazama ile barabara ya ng'ambo. Hakukuwa na gari wala mtu. Akainama kidogo, akakunja viganja, akapiga makofi. Taratibu, kama anavyomsalimu mgeni wa heshima. Midomo yake ilikuwa inasema "Mwakeye." Akasubiri muda wa mtu kujibu. Kisha akaenda kuwafungulia kuku.

Nilimfuata. "Mama, unamsalimu nani?"

"Sijui."

"Hakuna mtu kule."

"Wewe ndiye uliyeniambia kuna mtu," akasema. Hakuwa na hasira. "Huenda yupo, ana haraka, gari lake limeharibika. Huenda ananitazama. Mimi nisimsalimu?"

Mwanangu, nimekaa kanisani, nimesimama makaburini, nimepiga picha watoto waliozaliwa asubuhi hiyo. Sijawahi kusimama mbele ya kitu kilichonizidi kama nilivyosimama mbele ya yule mama, ndoo yangu tupu mkononi. Nilikuwa nimemwibia upweke wake. Yeye akauchukua ule mlango nilioutoboa, akaufanya wa kupitishia salamu kwa watu asiowajua.

Amefanya hivyo kila asubuhi tangu siku ile. Anafanya hivyo hata sasa ambapo macho yake hayafiki kwenye kuku. Ulipokwenda kumuaga Jumapili hakukwambia, kwa sababu haoni kama ni jambo la kusimulia. Picha ya ngoma na jogoo aliiomba mwenyewe mwaka uliofuata. Ndiyo ile iliyo juu ya kitanda chake, unayosema inakuchekesha.

Mara moja niliishusha ile kamera ndogo kutoka rafuni, kabla haijafa, nikapita nayo pale kwa basi. Nilimwona uani. Nikavuta, akaja, viganja vyake vikaja, nikaona vinakutana. Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Nikaishusha kamera mapajani nikapiga makofi. Jirani yangu kwenye kiti, baba mmoja mwenye kuku kwenye kikapu, akanitazama. "Mama, tumeshinda nini?" Nikamwambia nasalimia. "Unamsalimu nani?" Nikamwonyesha kilima. Akachungulia, hakuona kitu, akamsogeza kuku wake mbali nami kidogo. Picha hiyo sina, na mara nyingi ndiyo ninayoitazama.

Sasa sikia ninachokuomba. Basi la kesho linaondoka alfajiri, kwa hiyo mtapita Busunzu saa ile ile anayotoka nje. Dereva hatasimama. Ukiona ile mikaratusi miwili juu ya kilima, funga barua hii, geukia dirisha. Atakuwa uani. Hatajua uko kwenye basi gani wala kama umo. Atapiga makofi.

Mpokee. Kunja viganja, inama kwenye kiti chako, piga, mbele ya abiria wote na kondakta wao. Sema "Mwakeye, bibi." Hatakusikia, na hilo hakuna anayekuuliza.

Ukiona mikono imekuwa mizito, umeona haya, ukajifanya unatafuta kitu kwenye begi, usijilaumu, mimi nilikuwa hivyo. Ila ukifika Kasulu chukua kamera kubwa. Itakulazimisha kusogea kwa viumbe mpaka ujifunze, na kama msitu hautakuruhusu kusogea, utarudi nyumbani na tutatafuta watu wa kusogelea hapa.

Lakini mikono ikipiga yenyewe, ukamsalimu mtu asiyekuona, ukahisi amekujibu, basi ingia kwa Mzee Shabani, mwambie unataka kumwona nani na saa ngapi. Chukua ile ndogo. Wacha wakucheke. Na kila asubuhi kule msituni, kabla hujamvuta sokwe yeyote karibu, simama mbali walipokuamuru, shusha kamera, piga makofi. Polepole, usiwashtue. Kisha bonyeza.

Kwa simu usiniambie umechukua ipi. Nitaijua kwenye picha ya kwanza.

Mama yako.

Saa nane kasoro robo usiku. Nje kimya, nyota nyingi, mvua bado. Nazima taa, nalala.